Mwenye Timu Ni Nani?

Kati ya mwaka 2014 na mwaka 2024 ukanda wetu huu wa almasi na dhahabu ulipeleka timu tatu katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Stand United ya Shinyanga ilipanda mwaka 2014 ikadumu misimu 5. Mwadui ilipanda mwaka 2015 ikadumu misimu 6. Geita Gold ilipanda mwaka 2021 ikadumu misimu 3. Zote tatu zilishuka. Ulipoanza msimu wa 2024/25 hapakuwa na timu hata moja ya Shinyanga wala ya Geita katika ligi hiyo, ingawa ardhi ya mikoa hii miwili ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya almasi na dhahabu ya nchi nzima.

Yapo majibu mengi yanayotolewa vijiweni kuhusu maanguko hayo. Wapo wanaomlaumu refa, wapo wanaomlaumu kocha, na wapo wanaosema kwamba ligi ni ya Simba na Yanga, wengine ni wasindikizaji tu. Hatusemi kwamba majibu hayo yote ni ya uongo. Tunasema kwamba yanalikwepa swali lililo la kwanza, nalo ni hili: mwenye timu ni nani? Maana timu ikishinda wenyewe huwa wengi, kila mmoja amevaa jezi na kila mmoja anadai kuwa alikuwapo tangu mwanzo. Mwenye timu wa kweli hujulikana siku ile fedha zinapokwisha, pale anapotafutwa mtu wa kubaki.

Ndugu msomaji, swali hili si geni katika historia ya kandanda letu. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza akawa Sunderland, ambayo baadaye iliitwa Simba. Ilichukua miaka 10 hadi mwaka 1975 ndipo timu ya nje ya Dar es Salaam, Mseto ya Morogoro, ikatwaa ubingwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 timu za mikoani zilipata nguvu, na nguvu hiyo kwa sehemu kubwa ilitoka katika mashirika ya umma. Ilikuwapo Reli ya Morogoro, CDA ya Dodoma, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi, RTC ya Kagera na Pamba ya Mwanza. Mchezaji alipewa kazi karakana au ghalani, akapata mshahara wake mwisho wa mwezi, akapata nyumba na matibabu, na jioni akaenda mazoezini. Mfumo ule uliwalea vijana wengi, na wengine miongoni mwao walilichezea taifa.

Walakini mfumo ule ulikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Mwenye timu alikuwa shirika, wala si watu wa mji. Mashirika yalipoanza kudhoofika, na katika miaka ya 1990 mengine kufungwa au kuuzwa, timu zilizobeba majina yake zilidhoofika pamoja nayo. Wakazi wa miji ile walisimama pembeni wakitazama, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza neno lolote. Wao walikuwa watazamaji, na mtazamaji hana sauti katika mirathi.

Tuitazame Mwadui, maana ni mfano ulio karibu nasi. John Williamson, mtafiti wa madini kutoka Kanada, aligundua almasi mahali hapo mwaka 1940. Ukajengwa mji ndani ya uzio, wenye shule yake, hospitali yake na kiwanja chake cha mpira. Mwaka 1958 serikali ilinunua nusu ya mgodi, nusu nyingine ikachukuliwa na De Beers. Baadaye mgodi ukawa mali ya taifa, kisha ukarejea katika mikono ya wageni kwa ubia na serikali. Katika mabadiliko yote hayo timu ilibaki mtoto wa mgodi. Ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2015 ilisifiwa kwa utulivu wake, kwa kuwa ilikuwa na uwanja, makazi na msaada wa karibu. Mwezi Aprili 2020, bei ya almasi duniani ilipoporomoka wakati wa ugonjwa wa korona, mgodi ulisimamisha uzalishaji. Msimu uliofuata, wa 2020/21, Mwadui ilishuka daraja. Hatudai kwamba sababu ilikuwa hiyo peke yake, kwani timu hushuka kwa sababu nyingi. Tunaloliona ni kwamba timu iliyotegemea shimo moja haikuwa na mahali pengine pa kuegemea shimo lilipofungwa.

Stand United ilizaliwa kwa namna iliyo kinyume kabisa. Jina lake linasema lilikotoka: ni timu ya stendi ya mabasi ya Shinyanga, iliyoanzishwa na vijana wa mawakala wa mabasi, wapiga debe na wachuuzi. Waliiita Chama la Wana, nao walikuwa na haki ya kuiita hivyo. Hawakuwa na mgodi wala shirika, bali walikuwa na michango yao. Timu ya watu wa namna hiyo ilipanda hadi Ligi Kuu mwaka 2014, na Uwanja wa Kambarage ukajaa.

Kisha neema ikaja. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi wilayani Kahama, ilikubali kuwa mfadhili. Akaletwa kocha Mfaransa, Patrick Liewig, aliyewahi kuifundisha Simba. Mtu angedhani kwamba shida zimekwisha. La hasha, ndipo zilipoanza. Mwaka 2016 klabu iligawanyika kambi mbili, moja ikisimama kwa jina la kampuni, nyingine ikisimama kwa jina la wanachama. Kila kambi ilidai kuwa ndiyo Stand United halali na ndiyo inayopaswa kupokea fedha. Shirikisho la mpira likaingia kati. Mfadhili, alipoona kwamba hajui ampe nani, akajitoa. Kampuni yenyewe nayo haikudumu, maana mwaka 2019 Acacia ilimezwa na Barrick, jina likafutika, na mwaka 2021 mgodi wa Buzwagi ukafikia mwisho wa uzalishaji.

Hebu tulifikiri jambo hili kwa utulivu. Katika siku za umaskini hakuna aliyegombea umiliki wa Stand United, kwa kuwa kumiliki kulimaanisha kutoa. Siku fedha zilipoingia, kumiliki kukamaanisha kupokea, na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba swali la umiliki halikuwa limejibiwa mapema. Fedha za mfadhili hazikuleta ugomvi. Ziliukuta umelala zikauamsha.

Timu ile haikukosa wachezaji. Septemba 2018 ilikwenda Dar es Salaam ikafungwa na Yanga mabao 4 kwa 3, na mabao yote matatu ya Stand yalifungwa na mtu mmoja, Alex Kitenge kutoka Burundi. Januari 2019 Yanga, ambayo ilikuwa haijapoteza mchezo msimu ule, ilikuja Kambarage ikafungwa bao 1 kwa 0. Hata hivyo msimu huohuo wa 2018/19, ambao ligi yenyewe ilichezwa bila mdhamini mkuu, Stand United ilishuka. Timu inayoweza kuwafunga vinara haikosi miguu. Inachokosa ni nyumba.

Geita imepita njia ya tatu. Mwaka 2016 jina la Geita Gold lilitajwa kwa aibu, pale ilipoifunga JKT Kanembwa mabao 8 kwa 0 katika siku ya mwisho ya Daraja la Kwanza, huku Polisi Tabora ikiifunga JKT Oljoro mabao 7 kwa 0. Shirikisho lilizishusha daraja timu zote nne kwa kosa la kupanga matokeo, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Geita ilianza upya kutoka chini. Ikiwa mali ya Halmashauri ya Mji, na ikiwa na ufadhili wa mgodi wa Geita, ilipanda mwaka 2021. Msimu wake wa kwanza ilimaliza nafasi ya 4. Mshambuliaji wake George Mpole alifunga mabao 17, akawa mfungaji bora wa ligi, akimzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa bao 1. Timu ikaenda kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika, ikatolewa mapema na Hilal Al-Sahil ya Sudan.

Msimu uliofuata, kabla haujafika mwisho, Mpole alikuwa amekwisha kwenda kuchezea St Eloi Lupopo ya Lubumbashi. Hatumlaumu, kwani mchezaji ni mfanyakazi, na mfanyakazi ana haki ya kutafuta ujira ulio bora. Tunaiuliza klabu: siku Mpole alipofunga bao la 17, ni kijana gani aliyekuwa anaandaliwa kushika nafasi yake? Swali hilo huonekana kuwa la kocha, lakini mzizi wake uko kwa mwenye timu. Kocha huajiriwa kwa msimu, na asiposhinda hufukuzwa. Diwani huchaguliwa kwa miaka mitano. Mfadhili hutazama matangazo ya mwaka huu. Mwenye kutazama miaka mitano mbele ni yule tu ambaye hana mahali pengine pa kwenda. Mwaka 2024 Geita Gold ilishuka.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie tumpeleke mbali kidogo, hadi Marekani, kwa sababu huko uko mji mdogo ambao umelijibu swali letu kwa muda wa karne moja. Wamarekani wana mpira wao wanaouita futiboli, ingawa huchezwa zaidi kwa mikono. Ligi yao ya kulipwa iliundwa mwaka 1920 katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, wenye timu wakikutana katika duka la magari. Timu nyingi za mwanzo zilikuwa za miji midogo ya viwanda, mfano wa Kahama au Geita. Karibu zote zilikufa au zilihamishwa. Timu ya Decatur ilihamia Chicago mwaka 1921, na ile ya Portsmouth ikahamia Detroit mwaka 1934. Matajiri walizinunua, na tajiri akinunua timu huko huweza kuihamisha kama anavyohamisha samani. Mwezi Machi 1984 mwenye timu ya Baltimore aliita malori usiku, yakapakia kila kitu, na asubuhi watu wa Baltimore wakasikia kwamba timu yao imekwenda Indianapolis.

Mji mmoja mdogo ulibaki na timu yake. Unaitwa Green Bay, uko katika jimbo la Wisconsin, nao una wakazi wapatao laki moja tu. Manispaa ya Shinyanga peke yake ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya laki mbili katika sensa ya mwaka 2022. Timu ya Green Bay ilianzishwa mwaka 1919 na kijana aitwaye Curly Lambeau, karani katika kampuni iliyofungasha nyama makoponi. Kampuni ilitoa fedha za jezi, ndiyo maana timu ikaitwa Packers, yaani Wafungashaji. Kampuni hiyo ilipotea baada ya muda mfupi sana, lakini timu haikupotea pamoja nayo. Mwaka 1923, ilipokuwa taabani, wakazi waliuziana hisa kwa dola 5 kila moja, na timu ikawa mali ya mji. Shabiki mmoja alipoanguka kutoka jukwaani akaishtaki, akashinda kesi na bima ikashindwa kulipa, timu iliwekwa chini ya mfilisi, na mwaka 1935 wakazi wakanunua hisa tena. Wakafanya hivyo mwaka 1950, 1997, 2011 na kuanzia 2021 hadi 2022. Leo wenye hisa wanazidi laki tano.

Jambo la kustaajabisha ni masharti ya hisa zile. Mwenye hisa hapati gawio. Hawezi kuiuza hisa yake kwa faida. Hakuna mtu mmoja anayeruhusiwa kukusanya hisa nyingi hata akaitawala timu. Na kama siku moja timu itauzwa, fedha zote zitakwenda katika kazi za hisani, wala hakuna atakayetia senti mfukoni. Basi nani atakuwa na tamaa ya kuiuza? Sisi tuliokaa chuoni tukiwa watoto tulifundishwa jina la mali ya namna hiyo, nalo ni wakfu. Mtu akiweka shamba au nyumba kuwa wakfu, mali ile haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Manufaa yake huenda kwa waliokusudiwa, na msimamizi wake ana dhamana tu, hana umiliki. Miji ya pwani yetu imeyajua mambo hayo kwa karne nyingi. Wamarekani wa Green Bay hawakutumia neno hilo, lakini walichokitenda ni hichohicho.

Umiliki huo ndio uliowapa nafasi ya kuamua mambo magumu bila papara. Katika mchezo wao kuna mtu anayeitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayeupokea mpira kwanza na kuamua uende wapi, na timu isiyo na kwotabeki mwema haina kitu. Green Bay walimpata Brett Favre mwaka 1992, naye akawa shujaa wa mji. Mwaka 2005, Favre akiwa bado uwanjani, viongozi walimchagua kijana Aaron Rodgers, wakamkalisha akijifunza kwa miaka mitatu. Mwaka 2008 wakamwachia Favre aende New York. Mashabiki walighadhibika sana. Mwezi Februari 2011 Rodgers aliwaletea ubingwa. Mwaka 2020, Rodgers naye akiwa katika nguvu zake, wakamchagua Jordan Love, wakamkalisha miaka mitatu, na mwaka 2023 Rodgers akaenda New York kama mwenzake alivyokwenda. Kwa takriban miaka 30 timu hiyo iliongozwa na watu wawili tu katika nafasi ile, wakati timu za matajiri wengine zilibadilisha watu kila zilipofungwa.

Msukuma hahitaji kuelezwa jambo hili kwa lugha ya kigeni. Tunalo neno letu, ngitili. Mvua zinapokuwa nyingi na majani yamejaa kila mahali, mzee mwenye busara huzuia sehemu ya malisho, hairuhusu ng'ombe kuingia, ili wakati wa kiangazi mifugo isife. Ngitili nyingi zilipotea katika miaka ya ukataji ovyo wa miti, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ukasaidia kuzirejesha, mpaka sifa zake zikafika nchi za nje. Kijana anayekalishwa nyuma ya mfungaji bora ni ngitili ya timu. Mpangaji wa msimu mmoja hawezi kuweka ngitili, kwa sababu hatakuwapo kiangazi kikija.

Yatupasa tuseme pia yale yasiyofanana, tusije tukawadanganya wasomaji. Katika ligi ya Marekani hakuna kushuka daraja. Tangu mwaka 1961 fedha za televisheni hugawanywa sawa kwa timu zote, hivyo mji mdogo hauonewi na mji mkubwa. Aidha, matajiri wenye timu walijitungia kanuni inayozuia timu nyingine yoyote kumilikiwa na umma kama Green Bay. Katika timu 32 iliyo mali ya watu ni hiyo moja tu, nayo iliachwa kwa kuwa ilitangulia. Kanuni hiyo inatufundisha jambo: wenye mitaji wanaujua mfumo ule kuwa unaweza kufanya kazi, ndiyo maana waliufungia mlango.

Nchini kwetu mlango haujafungwa. Serikali ilipotakiwa kutoa msimamo kuhusu mabadiliko ya klabu za wanachama, iliamua kwamba wanachama wabaki na si chini ya asilimia 51, na wawekezaji wasizidi asilimia 49. Ni kwa msingi huo Mohamed Dewji alishinda zabuni ya Simba mwezi Desemba 2017, kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Kanuni hiyo ni ngao. Lakini ngao haimkingi asiyeishika. Asilimia 51 ya wanachama wasiojulikana majina, wasiolipa ada, na wasioitwa mkutanoni ni asilimia 51 ya hewa.

Wapo watakaosema kwamba watu wa Shinyanga na Geita ni maskini, hawawezi kumiliki timu ya Ligi Kuu. Wanaosema hivyo hawaijui historia ya mahali hapa. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, waliochoshwa na mizani ya wanunuzi, walijiunga pamoja, na kufikia mwaka 1955 walikuwa na shirikisho lao kuu la ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani, lililokuja kuwa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri kutoka juu, na hasara yake tuliiona wote, kwa kuwa chama kikiondolewa kwa wanachama hubaki majengo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Kahama na Shinyanga, walipochoshwa na wezi wa ng'ombe, waliunda sungusungu bila kusubiri mfadhili. Na kabla ya kandanda kufika huku, Wagika na Wagalu walikuwa wakishindana kwa ngoma kila baada ya mavuno, kila upande na viongozi wake, wafuasi wake na sifa zake, bila kampuni yoyote kubandika jina lake kwenye ngoma.

Basi tunapendekeza mambo manne, nayo yafanywe sasa, kabla timu haijapanda.

La kwanza, liandikwe daftari la wanachama, lenye majina na stakabadhi. Ada iwe ndogo, ambayo mwendesha bodaboda, muuza mahindi na mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mwakitolyo wanaweza kuimudu. Kila mwanachama awe na kura moja, awe amelipa kidogo au amelipa kingi.

La pili, jina la klabu, nembo yake, rangi zake na nafasi yake katika ligi ziandikwe katika katiba kuwa amana isiyouzwa. Asiweze kuziuza mwenyekiti, asiweze kuziuza mfadhili, na hata mkutano mkuu mmoja usiweze kuziuza kwa kura za mchana mmoja.

La tatu, mkataba wa mfadhili uwe na tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika, na anayetaka kujitoa atoe taarifa ya msimu mzima. Sehemu ya kila fedha inayoingia itengwe kwa timu ya vijana, wala isiguswe kwa mishahara ya wakubwa. Hesabu zibandikwe ukutani katika uwanja, pale watu wanapokatia tiketi, kila mwenye kusoma asome.

La nne, upangaji wa kikosi na usajili viachiwe wataalamu. Mfadhili asipange timu, mwenyekiti asipange timu, diwani asipange timu. Kazi ya mwenye timu ni kuuliza jambo moja kila mwaka: mfungaji wetu akiondoka kesho, anayefuata ni nani, na amekwisha kujifunza kwa muda gani?

Hatuwakatai wenye migodi. Mgodi unachimba ardhi yetu, nao una wajibu kwa watu wanaouzunguka. Msaada wake katika michezo tunaupokea kwa shukrani. Lakini sisi tunaoishi katika nchi ya ukame tunajua tofauti ya mvua na lambo. Mvua huja kwa wakati wake na huondoka kwa wakati wake, wala hakuna anayeidai. Lambo huchimbwa na watu kwa majembe yao, kabla mvua haijanyesha. Timu zetu tatu zilinyeshewa vizuri. Maji yalipita.

Msimu wa 2024/25 Stand United na Geita Gold zilikutana zenyewe kwa zenyewe katika michezo ya mtoano ya kutafuta kupanda. Stand ilipita, kisha ikashindwa na Fountain Gate, na zote mbili zikabaki chini. Wengi walihuzunika, na huzuni hiyo ni ushahidi kwamba mapenzi hayajafa. Siku ya kupanda itakuja tena, na fedha zitaifuata, na pamoja nazo watakuja watu wenye mihuri na kalamu wakiuliza wasaini mkataba na nani. Viongozi wa klabu waitishe mikutano ya wanachama mapema, daftari lifunguliwe, na jina la kwanza liandikwe, ili siku hiyo ikifika jibu liwe tayari.